Mbio Ndefu za Jumamosi na Nywele za Ovidio

Colpapampa, 21 Mei 1989

Mdogo wangu Remberto,

Zipokee salamu za huku kwenye baridi kabla hazijayeyuka njiani. Mimi sijambo, ila kisigino kimepasuka tena kama kila mwaka kipupwe kinapoingia. Lama ni wazima. Yule jike mweupe, Señorita, bado anatema mate, na juzi alimtemea Don Hilarión, mkuu wetu wa kijiji, katikati ya kikao. Watu walisema ndiyo hoja pekee ya maana iliyotolewa siku hiyo. Viazi vimetoka vidogo lakini vingi. Msalimie wifi yangu Zulma. Msalimie na mwanao Ovidio, halafu uniambie nywele zake sasa zimefika wapi, juu ya mkanda au chini ya mkanda. Najua hupendi niulize. Nimeuliza.

Kubwa lililonifanya nishike kalamu ni Baba. Remberto, Baba anakimbia.

Sisemi amekimbia nyumbani. Anakimbia tu, hafukuzwi na mtu wala hafukuzi kitu. Ilianza na redio. Kuna mwalimu mmoja wa riadha anaongea kutoka La Paz kila Alhamisi, sauti yake kama ya mtu mwenye mafua, na amesema kwamba mkimbiaji asiyekimbia mbio ndefu kila mwisho wa wiki ni sawa na mkulima asiyepanda. Baba alisikiliza hadi mwisho, akazima redio, akasema, "Mtu huyu ana akili." Wewe unamjua Baba. Tangu azaliwe hajawahi kusema hivyo juu ya mtu yeyote wa La Paz.

Basi Jumamosi hiyo aliamka kabla ya jua. Maji kwenye ndoo yalikuwa yameganda hata nikayavunja kwa jiwe. Uwanja wote ulikuwa mweupe kwa sakitu. Akavaa kofia ya sufu ya masikioni, akafunga redio kiunoni kwa kamba, akavaa makatambuga yake ya tairi, bila soksi. Nikamuuliza, "Baba, unakwenda wapi?"

"Mbali."

"Kufanya nini?"

"Kurudi."

Akaondoka. Alirudi saa ya kula mchana, nyusi zimeganda kama ufagio uliosahaulika nje, akanywa bakuli mbili za supu ya chunyo, vile viazi vyetu vya kukaushwa kwa sakitu, akalala ameketi. Jumapili, mzee wa miaka sitini na tisa, akaenda tena. Anasema ni kwa ajili ya tumbo. Majirani wanasema roho yake imemtoka ikapotelea porini, na mwezi huu tukamwita mganga aiite irudi. Mganga akapanda kilimani na kofia ya Baba mkononi, akitikisa kengele na kuita, "Saturnino, njoo! Saturnino, rudi!" Baba akatokea mbio upande wa pili wa kilima, akasema, "Nipo. Nipishe njia." Mganga alidai ujira wake wote, kwa kuwa aliyeitwa alikuja.

Nipe ushauri. Wewe ndiye mwanamume uliyebaki, hata kama umebaki huko kwenye joto.

Dada yako,
Eduviges


Santa Cruz, 9 Juni 1989

Dada Eduviges,

Barua yako imefika ikinuka mafuta ya lori, lakini imefika. Sisi ni wazima. Joto limepungua kidogo, kwa hiyo seremala mmoja mimi naweza kupiga randa hadi saa sita bila jasho kuharibu mbao. Zulma anakusalimu. Binti yetu Mirtha ametimiza miaka miwili na anakimbia nyumba nzima. Naye nywele zake hazijaguswa, lakini kwa msichana hakuna anayeona.

Kwa Ovidio kila mtu anaona. Ni chini ya mkanda, Dada. Zulma anamsuka misuko miwili kila asubuhi, mtoto analia na mama analia. Wiki iliyopita alikuwa golikipa, msuko ukanasa kwenye uzio, wakafunga magoli matatu huku yeye ametundikwa. Sasa mwalimu wake ametoa neno la mwisho: mtoto wa kiume hataandamana kwenye gwaride la Siku ya Uhuru, tarehe sita Agosti, akiwa na misuko. Na Ovidio amechaguliwa kushika pembe ya bendera. Kila siku ananiuliza, "Babu anakuja lini kunikata?" Mimi namwambia, kula chakula chako.

Zulma ameweka mkasi juu ya meza. Anasema, "Kata, Remberto. Ni nywele, si shingo." Yeye ni mtu wa nchi ya chini, hawezi kuelewa. Nywele za kwanza za mtoto haziguswi mpaka akate yule aliyetajwa, na aliyetajwa ni babu yake. Nilimtaja mwenyewe, nilipompandisha huko akiwa mchanga. Laiti jioni ile ningeishia hapo.

Nilisema nini, Dada? Nilisema wali unashibisha kuliko chunyo. Hilo tu! Nilisema ukweli mezani, mbele ya watu, nikiwa nimeshiba. Naye Baba akasimama, akamwaga pombe kali chini kwa ajili ya Mama Ardhi, akatangaza mbele ya kijiji kizima kwamba gurudumu halitampeleka katika nchi ya walao wali, hata kuwe na msiba. Nami nikamwaga yangu. Nikasema mtoto huyu hatakatwa nywele mpaka babu yake ale wali mezani kwangu. Maji yakimwagika hayazoleki, na pombe je? Miaka sita sasa.

Sitaki kuuliza habari za Baba. Hilo ulijue. Ila ukiwa na nafasi kwenye karatasi, sema kama anafunika kifua anapokimbia. Na kama anakula kitu kabla ya kutoka. Na mkono wake wa kulia, ule uliokuwa unatetemeka. Basi, sitaki kuuliza.

Mdogo wako,
Remberto


Colpapampa, 27 Juni 1989

Remberto uliyekataa kuuliza,

Salamu. Barua yako niliisoma kwa sauti, Baba akijifanya hasikii. Kifua anafunika. Kabla ya kutoka anatafuna majani ya koka na kipande cha jibini. Mkono unatetemeka vile vile.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya mito miwili, na sababu utaielewa. Mambo yamekuwa makubwa. Kikao kiliamua kwamba mzee hawezi kuachwa akimbie peke yake porini wakati wa sakitu, kwa hiyo kila Jumamosi na Jumapili nyumba moja itoe mtu wa kumsindikiza. Ni neno la huruma na sote tuliinua mikono. Hakuna aliyekumbuka ayni. Unajua sisi: ukinilimia, nitakulimia, ukileta kreti za bia kwenye sherehe yangu, nitaleta kwenye yako. Na ukikimbia nami?

Jumatatu alfajiri Doña Fortunata muuza mikate akabisha mlango. Amefunga kofia yake ya duara kwa shali chini ya kidevu, sketi zake zote tano amezikunja hadi magotini. "Nimekuja kulipwa," akasema. "Mume wangu alikimbia na baba yako mpaka kwenye bwawa la chumvi."

"Si umdai Baba?"

"Baba yako yuko kwenye mapumziko. Redio imesema siku za katikati ni za kupumzika. Vaa."

"Tunakwenda wapi?"

"Sijui. Na mume wangu hakuuliza."

Tukakimbia, Remberto, mpaka kwenye bwawa la chumvi, wanawake wawili wenye sketi tano tano, tumekasirika wote. Tulipofika hatukuwa na la kufanya huko. Tukaliangalia bwawa, likatuangalia, tukarudi. Njiani tukacheka hadi tukakaa chini. Lakini kesho yake akaja mwingine, na keshokutwa mwingine. Dawa ya deni kulipa, ndiyo, lakini mimi nina lama wa kuchunga! Don Casiano yeye alileta bendi yake nzima ya matarumbeta, kwa sababu hapa kwetu watu wakizidi kumi hawaendi popote bila bendi. Jumamosi ya kwanza midomo ya wapiga tarumbeta ikagandia chuma. Ilibidi tuwamwagie chai ya vuguvugu mmoja mmoja, huku wakiguna kwa sauti zao za muziki.

Halafu ikaja Jumamosi ya Mtakatifu Yohana, asubuhi ya baridi kuliko zote, nchi nzima bado inanuka moshi wa mioto ya usiku. Ni msimu wa chunyo, kila mtu ametandaza viazi vyake nje viumwe na sakitu. Na kila mtu aliona miguu mingi inapita bure kila wiki bila kukanyaga kitu. Basi bila kuambizana, kila nyumba ikahamisha viazi vyake usiku, ikavitandaza kwenye njia ya Baba, ili wakimbiaji wavikanyage na kuvikamua maji. Hesabu nzuri. Sote tumekanyaga chunyo tangu utoto, na sote tunajua kwamba kiazi hukanyagwa mchana jua likishakilainisha. Na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba Baba hupita kabla ya jua.

Kilima kizima kilikuwa kama kimemwagiwa gololi. Bendi ilianguka yote kwa mpigo mmoja, ikipiga. Lile tarumbeta kubwa la kujizungushia mwilini liliteremka lenyewe hadi mtoni na sasa lina sauti ya ng'ombe mgonjwa. Mimi niliangukia pale ambapo sasa nimewekea mito miwili. Na Baba ameteguka kifundo cha mguu. Kimevimba kama mkate.

Amelala, anatazama ukuta. Nimemwambia, "Si mwisho wa dunia, Baba, tumbo litapona kwa dawa." Akanigeukia na macho yamejaa maji, Remberto. Kwa ajili ya tumbo hakuna mtu analia hivyo. Akaniuliza, "Leo tarehe ngapi?" Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akarudi ukutani.

Sijui anahesabu nini. Labda wewe unajua.

Eduviges


Santa Cruz, 1 Julai 1989

Dada,

Salamu. Wote wazima. Nina kazi nyingi, namalizia meza.

Mchukuzi wa barua hii ana kifurushi. Ndani mna kopo la mafuta ya kuchua, aina kali inayotumiwa na wacheza mpira wa huku, na soksi mbili nene za sufu. Ni kwa ajili ya mbwa. Nakumbuka mlikuwa na mbwa. Kama mbwa ameteguka kifundo, apakwe mara mbili kwa siku kwa kusukuma juu, asikimbie mpaka uvimbe uishe, na asivue soksi akilala.

Nimeielewa ile hesabu ya vidole. Sitaki kuisema, nisije nikaamini.

Remberto


Colpapampa, 16 Julai 1989

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na keti kabla ya kusoma. Mbwa amepona. Alipaka kopo lote, akavaa soksi zote mbili, na akasema mafuta ya nchi ya walao wali yananuka lakini si mabaya. Alikaa kitandani wiki nzima huku akitingisha vidole vya mguu kwa kufuata redio.

Kikao kiliitwa. Watu walikuwa na hasira: kijiji kimetoa miguu yake, bendi imetoa tarumbeta, chunyo ya mwaka huu ina alama za visigino, basi Don Saturnino aseme ni za nini mbio hizi. Baba akasimama kwa mguu mmoja, mkono begani kwangu. Akasema, "Nakwenda Santa Cruz kumkata mjukuu wangu nywele. Niliapa gurudumu halitanipeleka. Sikuapa juu ya miguu."

Doña Fortunata akaanza kulia, kisha wote, hata wale waliokuwa wakinidai. Mimi nililia kuliko wote, na nilikuwa na hasira pia, maana ningejua ningekimbia kwa moyo mweupe.

Unadhani yaliishia hapo? Don Hilarión akapangusa pua, akainua mkono. "Naunga mkono," akasema, "ila nina swali. Mzee amevaa nini miguuni?"

Tukatazama wote. Makatambuga, Remberto. Ya tairi. Tairi la lori lile la bluu lililokuwa likienda Oruro kila wiki.

Tulibishana tangu adhuhuri hadi jua likazama. Wengine wakasema gurudumu bila ekseli si gurudumu. Wengine wakasema kama ni hivyo basi ng'ombe aliyechinjwa si nyama ya ng'ombe. Don Casiano akauliza, gurudumu likifa, huzikwa likiwa nani? Mke wake akamwambia aketi. Mwisho mzee mmoja kutoka ng'ambo ya mto akasema Mama Ardhi ndiye aliyemwagiwa pombe, na Mama Ardhi ndiye aliyekanyagwa na tairi lile miaka kumi, sasa ni nani atamwambia kwamba halijui? Hilo likafunga mjadala. Baba akavua makatambuga hapo hapo, akasimama na soksi zako juu ya ardhi iliyoanza kuganda, akasema, "Tafuteni ngozi."

Tulimkatia ndara za ngozi ya fahali, za kizamani, za enzi alipokuwa kijana wa misafara ya lama akiteremka mabondeni kutafuta mahindi. Aliondoka Jumatatu tarehe kumi na Señorita, amembebesha chunyo na blanketi. Bendi ilimsindikiza hadi mtoni. Jambo aliloniomba ni moja tu: "Usimwandikie nduguyo. Nisipofika, asijue nilianza."

Ndiyo maana nakuandikia. Nilivumilia siku sita, nikashindwa. Mimi sikumwaga pombe yoyote. Lakini barabara ya Oruro imefungwa na waandamanaji, mawe tupu, na sijui karatasi hii itapita lini. Ikikufikia, Remberto, usinijibu mimi. Simama uangalie barabara.

Dada yako


Santa Cruz, 12 Agosti 1989

Dada yangu mpenzi,

Sina salamu leo, nina habari. Barua yako ilifika tarehe tatu mwezi huu, imekaa kwenye mawe ya waandamanaji zaidi ya wiki mbili. Na siku hiyo hiyo dereva mmoja wa lori akaja karakana yangu, amevua kofia, akaniambia:

"Wewe ndiye Remberto Huarachi? Kuna mzee barabarani, juu ya Comarapa, na lama. Anasema hajanituma."

"Hajakutuma nini?"

"Mimi sijui, bwana. Kanisimamisha akaniambia: mtafute mwanangu seremala, umwambie niko hapa, na umwambie sijakutuma umwambie."

Señorita ndiye aliyelala, Dada. Zilipoanza kuja zile pumzi za joto kutoka bondeni akapiga magoti katikati ya barabara, akatema mate upande wa Santa Cruz, na hakuinuka tena. Na wewe unamjua mtu wa msafara. Mchunga lama hamwachi lama wake njiani, hata nyumba yake iwake moto. Kurudi hataki, mbele lama hataki. Alikuwa amekaa pale siku mbili, na gwaride lilikuwa Jumapili.

Nikawa nazunguka karakana kama kuku. Nikasema, "Hawezi kufika. Hawezi kufika mezani kwangu." Zulma alikuwa anamsuka Ovidio misuko. Hata hakuinua uso.

"Meza ina miguu minne," akasema. "Na meza haijaapa chochote."

Nikamtazama mwanamke huyo na nikaelewa kwa nini nilimuoa.

Tulipakia meza kwenye lori la yule dereva, ile mpya, ya mbao ngumu ya moradi, niliyoifanya usiku na mchana bila kujiambia ni ya nani. Tukapakia viti, mkasi, Ovidio, na sufuria ya wali wenye jibini imezungushiwa mablanketi matatu. Mirtha tulimwacha kwa bibi yake. Jumamosi mchana tukafika. Ukungu ulikuwa umeshuka na kaubaridi kanauma. Nilimwona kabla hajaniona. Amekaa juu ya jiwe kando ya lama, redio kiunoni, soksi zangu zimetoboka vidole vyote. Dada, amekuwa mdogo sana. Nililia. Nasema wazi, nililia huku nashusha meza, na dereva akajifanya anakagua matairi.

Nikasema, "Baba, umefika."

"Sijafika. Nimesimama. Hicho ni nini?"

"Meza yangu."

"Inayumba."

"Barabara ndiyo inayoyumba, Baba."

Akaokota kijiwe, akakiweka chini ya mguu mmoja wa meza, akaitikisa, akaketi. Tulikuwa katikati ya barabara, kwa sababu pembeni ni korongo. Nyuma yetu yakasimama malori mawili, basi, na mtu wa pikipiki. Hakuna aliyepiga honi, maana Zulma alipita dirisha kwa dirisha akiwaeleza, na wengine wakashuka na viti vyao. Nikampakulia wali. Akala kijiko cha kwanza macho amefumba. Akala sahani yote. Hata mtu wa pikipiki alizima injini.

Nikamuuliza, "Umeshiba?"

Hakujibu. Akaingiza mkono kwenye mzigo wa Señorita, akatoa chunyo iliyopikwa, nyeusi, imekauka kwa safari, ina alama ya kisigino. Akaiweka kwenye sahani yangu. "Kula," akasema. Nikala. Akaniuliza, "Umeshiba?" Mimi pia sikujibu. Mpaka leo hakuna aliyejibu, na usituulize.

Kisha akamwita Ovidio. Mtoto hajawahi kumwona akiwa na akili za kumkumbuka, lakini alikwenda moja kwa moja akasimama kati ya magoti yake, akampa mgongo. Baba akashika msuko wa kwanza kwa ule mkono unaotetemeka. Mkasi ulikwama mara mbili.

Ovidio akauliza, "Babu, mbona umechelewa?"

Baba akasema, "Nilikuwa kwenye mazoezi."

Akakata.

Gwaride la Santa Cruz hatukuliwahi. Ovidio aliandamana Comarapa kesho yake na watoto wa mji ule, kichwa kama yai, na wakampa pembe ya bendera kwa kuwa alikuwa analia kwa furaha na hakuna aliyethubutu kumnyima. Baba alitakiwa atembee na wazee nyuma. Alishindwa kutembea. Kila mara alikuwa ameshaipita bendi.

Amepanda basi kurudi kwako. Aliapa gurudumu halitampeleka kwetu, hakuapa halitamrudisha. Aliyatazama magurudumu yote manne kabla ya kupanda, akapiga moja teke.

Remberto wako


Colpapampa, 27 Agosti 1989

Mdogo wangu Remberto,

Salamu kwa wote, na zaidi kwa yai lenu. Baba alifika salama, yeye ndani ya basi na Señorita juu ya paa amefungwa kama furushi, na kila kituo basi liliposimama alimtemea mtu. Msuko wa Ovidio tumeuzika uani, chini ya jiwe, na pombe kidogo. Kijiji kizima kilikuja. Bendi ilipiga, na lile tarumbeta la ng'ombe mgonjwa likapewa zamu peke yake kwa heshima. Deni langu la kukimbia limesamehewa lote, isipokuwa la Doña Fortunata. Huyo anasema hasamehi, na Jumanne bado tunakwenda kuliangalia bwawa. Usimwambie, lakini hata mimi nisingetaka asamehe.

Nilidhani sasa tutapumzika. Jumamosi iliyopita Baba aliamka kabla ya jua, akavaa kofia, akafunga redio, akakaa ukingoni mwa kitanda na ndara mkononi. Akakaa. Jua likatoka, bado amekaa. Nikamuuliza, "Baba, unaumwa?"

"Nitakimbia kwenda wapi?" akasema. "Mtoto ameshakatwa. Sasa hata basi naruhusiwa kupanda."

Sijawahi kumwona mtu amehuzunika hivyo kwa kuruhusiwa. Siku tatu hakugusa supu. Mwalimu wa redio aliongea Alhamisi, na Baba akamzima katikati.

Jana akaniita. Macho yamerudi kung'aa. Akasema, "Eduviges, Mirtha nywele zake bado, sivyo?" Nikasema bado. "Na mimi siwezi kuapa hivi hivi bila kuchokozwa, sivyo?" Nikasema hapana, hiyo haingekuwa heshima. Basi akaniomba nikuandikie leo leo, kabla ya chakula.

Anauliza una maoni gani kuhusu pilipili yetu. Anasema umesikika ukisema haiwashi. Nimemwambia hujasema. Anasema ungeweza kusema. Pombe ameshainunua, ipo mlangoni, na Don Hilarión ameombwa aje Jumamosi kuwa shahidi.

Jibu upesi, Remberto, na ujibu vibaya.

Dada yako,
Eduviges